Giza yetu nayo ni mali



Wengi kati yetu bado tunakumbuka asubuhi ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016. Mwezi ulipita mbele ya jua. Kivuli chake kiliingia bara letu upande wa Gabon, kikakata Kongo, kikaenda kutokea Tanzania na Msumbiji mpaka Madagaska. Wale waliokuwa katikati ya njia yake waliona jua limebaki pete tu ya moto. Kwetu Kasongo na Kabambare jua lilimegwa sawa vile mtoto anavyomega mkate. Watoto walituuliza maswali mengi siku ile. Sisi wakubwa tuliwajibu nini? "Acheni mambo ya mbinguni, kamateni bidoni muende maji."

Leo tunataka kusema wazi kwamba tulijibu vibaya. Na tunataka kueleza kwa nini jambo hili linawahusu wachimbaji kuliko watu wengine wengi.

Kivuli kisichoonekana

Kupatwa kwa jua ni jambo kubwa, hata kuku wanashangaa. Lakini kuko kupatwa kwingine kudogo, ambako kunatokea mara kwa mara mahali fulani duniani, na hakuna kuku anayejua. Mbali sana, kupita sayari zote tulizosoma shuleni, kupita hata Neptune, kunazunguka mawe ya barafu maelfu kwa maelfu. Ni mabaki ya wakati ule jua letu na sayari zake zilipoanza, zaidi ya miaka milyari 4 iliyopita. Mwanga wa jua unafika kule ukiwa umechoka kabisa. Mengi kati ya yale mawe ni madogo, tena yako mbali, hivi kwamba hata darubini kubwa (wengine wanasema teleskope) inayaona kama nukta tu. Haiwezi kusema kama hili ni la mviringo, ama hili ni refu.

Sasa wakati mwingine jiwe moja kati ya hayo linapita sawasawa mbele ya nyota. Nyota inazimika. Sekunde moja, mbili, pengine nyingi zaidi, kisha inawaka tena. Jambo hilo tuliite kufunikwa kwa nyota. Jiwe lenyewe hatukuliona, lakini kivuli chake kimetupita.

Mchimbaji ataelewa upesi kuliko mwanafunzi wa mjini. Ukiwa ndani ya shimo na ukaweka mkono karibu na torshi, kivuli cha mkono kwenye ukuta kinakuwa kikubwa sawa mlango. Ukisogeza torshi mbali, kivuli kinapunguka. Torshi ikienda mbali kabisa, kivuli kinabaki na kipimo kile kile cha mkono wako. Nyota njo torshi iliyo mbali kupita zote. Kwa hiyo kivuli ambacho lile jiwe linatupa juu ya dunia yetu kiko na ukubwa wa jiwe lenyewe. Jiwe la kilomita 30 linatupa kivuli cha kilomita 30. Ukipima kivuli, umepima jiwe, hata kama liko kilomita milyari 6 toka hapa.

Na kivuli kile hakingojei mtu. Mara nyingi kinakimbia kilomita 20 na zaidi kwa sekunde moja. Motari wetu akitoka Kasongo kwenda Kindu anamuomba Mungu barabara isiwe na matope, na bado anaweza kulala njiani. Kivuli kinamaliza ule urefu kabla hujahesabu mpaka kumi. Toka Kasongo mpaka Kabambare ni sekunde tano hivi.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tuseme kivuli kinakimbia kilomita 24 kwa sekunde, na wewe umeona nyota imezimika sekunde moja na nusu. Zidisha: unapata kilomita 36. Pale ambapo jiwe lilipita mbele ya nyota yako, upana wake ni kilomita 36. Ndugu yako aliyekaa kilomita kumi toka kwako atahesabu sekunde zake, atapata kipimo chake. Mwingine naye vilevile. Mukipanga vipimo vyote pamoja kwenye karatasi, umbo la jiwe linatokea.

Tena kuko zaidi. Nyota ikizimika ghafla, sawa mtu amepuliza taa, ni jiwe tupu lisilo na hewa. Ikififia polepole, kuna hewa: njo vile mwaka 1988 wataalamu walihakikisha kwamba Pluto iko na hewa yake nyembamba. Na nyota ikipepesa kidogo kabla ya kuzimika, kisha ikapepesa tena baada ya kuwaka, pengine kuna pete. Mambo yote hayo yanasomwa ndani ya sekunde chache, na mtu aliyekaa mahali pa giza akiwa na saa isiyodanganya.

Watu waliokaa gizani

Tutoe mifano ya kweli.

Tarehe 10 Machi 1977, wataalamu Wamarekani walikuwa ndani ya ndege iliyobeba darubini, juu ya Bahari ya Hindi, wakingojea sayari Uranus ifunike nyota. Walitaka kujua habari za hewa ya Uranus na ukubwa wake, basi. Kabla ya wakati waliohesabu, nyota ikapepesa mara tano. Sayari ikapita. Nyota ikapepesa tena mara tano, upande wa pili. Njo vile dunia ilijua kwamba Uranus iko na pete. Wenzao waliobaki chini, hata kule Cape Town, Afrika ya Kusini, walikuwa nao wanaitazama ile nyota. Hakuna aliyekuwa anatafuta pete. Lakini vyombo vyao vilikuwa vinaandika kila sekunde, kwa hiyo pete hazikuwaponyoka.

Mfano wa pili ni wa jiwe linaloitwa Arrokoth. Wamarekani walikuwa wametuma chombo chao, New Horizons, ambacho kilipita karibu na Pluto mwezi wa Julai 2015. Kilipashwa kuendelea mpaka kwa hilo jiwe dogo, lakini hakuna aliyejua vizuri ukubwa wake wala umbo lake. Wakapiga hesabu, wakaona kwamba mwaka 2017 lile jiwe litafunika nyota mara tatu. Tarehe 3 Juni watu walijipanga na darubini za kubeba kule Argentina na Afrika ya Kusini. Nyota haikuzimika kwa mtu hata mmoja. Mara ya pili walijaribu kwa ndege juu ya Pasifiki, na jibu bado halikuwa wazi.

Mara ya tatu, tarehe 17 Julai, walirudi Argentina, pembeni ya mji wa Comodoro Rivadavia, wakapanga darubini 24. Kule ni nchi ya upepo mkali. Wenyeji walifanya nini? Walizima taa za barabarani. Walifunga barabara kuu kwa saa mbili kusudi taa za magari zisiharibu giza. Walileta malori, wakayasimamisha karibu na darubini ili kukinga upepo. Fikirieni hilo, wandugu: lori limesimama usiku mzima, halibebi mzigo, linalinda tu giza ya mtu anayetazama nyota. Darubini 5 katika zile 24 ziliona nyota imezimika, kufumba na kufumbua.

Kutokana na zile 5, wataalamu walisema: hili jiwe haliko mviringo, ni refu, pengine hata ni mawe mawili. Tarehe 1 Januari 2019 New Horizons ilifika na kupiga picha. Kweli, mawe mawili yameshikana, urefu wote kilomita 36 hivi. Watu wa darubini za kubeba walikuwa wamesoma ule umbo karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya picha.

Kati ya zile tarehe mbili kuko tarehe ya tatu, na hiyo inatugusa zaidi. Tarehe 4 Agosti 2018 Arrokoth ilifunika nyota nyingine, na safari hii kivuli kilipashwa kupita Senegal na Colombia. Wageni walifika Senegal na darubini zao, lakini hawakukaa gizani peke yao: Wasenegal walikuwa kati yao, na Maram Kaire, kiongozi wa chama chao cha elimu ya nyota, alikuwa mstari wa mbele. Ilikuwa majira ya mvua, mawingu yalisumbua, na bado kivuli kilikamatwa. Leo kuna jiwe moja la angani lenye jina la Kaire. Senegal iko na ofisi ya serikali ya mambo ya anga, na mwezi wa Agosti 2024 ilirusha satelite yake ya kwanza. Hatusemi kwamba usiku mmoja njo ulileta yote hayo. Tunasema kwamba siku kivuli kilipobisha hodi, Senegal ilikuwa na watu wa kufungua mlango.

Na Namibia je? Mwaka 2018 darubini iliyoko kule ilikuwa kati ya zile zilizotazama Quaoar, jiwe kubwa la kilomita 1 100 hivi, likifunika nyota. Vipimo vile vikaunganishwa na vya miaka iliyofuata, na vya satelite moja ya Ulaya, hata na vya watu wa kawaida wa Australia wenye darubini nyumbani kwao. Februari 2023 habari ikatangazwa: Quaoar iko na pete, na pete yenyewe iko kilomita 4 100 hivi toka katikati yake. Hesabu za zamani zilisema kwamba kupita kilomita 1 780 vile vipande vinapashwa kukusanyika na kuwa mwezi. Havikukusanyika. Sasa wenye elimu kubwa wanakuna kichwa, na giza ya Afrika iko ndani ya ile habari.

Somo la shimo kavu

Sasa turudi kwa zile darubini 19 za Argentina ambazo hazikuona nyota ikizimika. Je, wale watu walipoteza usiku wao? Hapana. Kila moja ilisema: "Hapa kivuli hakikufika." Bila wao hakuna ambaye angejua ukingo wa jiwe uko wapi.

Mchimbaji hahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Timu inafungua mashimo manne. Mawili yanatoa mali, mawili yanatoa udongo tupu. Yule aliyechimba kavu njo ametuonyesha mshipa unaishia wapi. Lakini kwetu, mwenye shimo kavu anarudi nyumbani na deni ya unga na deni ya torshi, na jina lake hakuna anayelitaja. Kwa wataalamu wa nyota, aliyeona na ambaye hakuona wanahesabiwa katika kazi moja. Tunawaambia maPDG wetu wa mashimo na wakubwa wa koperative, kwa heshima yote: hili nalo ni somo. Aliyetoa habari ametoa mali.

Kwa nini sisi?

Mtu atauliza: Argentina sawa, Senegal sawa, lakini Kasongo inaingia wapi?

Kwanza, tuko na giza. Miji mikubwa ya Ulaya imepoteza nyota zake. Mtoto anakua pale bila kuona hata mara moja ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu. Sisi, kiangazi kikifika, mwezi wa sita mpaka wa nane, grupu zikizimwa, ule mkanda unapita karibu juu ya vichwa vyetu. Katika miaka hii yetu Pluto, Arrokoth na Quaoar wanatembea upande ule ule, na kwa sababu nyota ni nyingi pale, nafasi za kufunikwa ni nyingi pia. Tena tuko karibu na ikweta, tunaona mbingu ya kaskazini na ya kusini. Tumezoea kuhesabu giza kama umaskini: hakuna umeme, hakuna taa. Ni kweli, ni umaskini, na tutaendelea kudai umeme. Lakini wakati tunangoja, tujue kwamba wengine wanapanda ndege na kuvuka bahari ili kutafuta kile ambacho sisi tunacho mlangoni.

Pili, tuko na haki. Koltan inatoa tantale, ambayo inaingia ndani ya vile vipande vidogo vinavyotunza umeme katika telefone, kamera na mashine za hesabu. Kasiterite inatoa bati, inayounganisha vile vipande. Dhahabu inapakwa pale umeme unapopita. Hatuwezi kusema kwamba kamera fulani ya Argentina ilibeba chembe ya Maniema. Lakini vyombo vinavyotazama mbinguni vinatengenezwa kwa mali ya aina hii tunayoitoa kwa mikono. Mali inatoka hapa ikiwa udongo, inakwenda kuwa macho ya wengine. Je, mtoto wa aliyeichimba asitazame hata mara moja kwa yale macho?

Tatu, na hii njo kubwa kuliko zote: sisi ni watu tunaoumizwa na vipimo.

Nani kati yetu hajatoka kwa mnunuzi akiwa na wasiwasi juu ya mizani? Nani hajaambiwa kwamba mali yake "iko na maji", au kwamba kiwango kimeshuka, bila kuonyeshwa kimeshuka namna gani? Tunakubali kwa sababu yeye njo yuko na mashine na sisi tuko na njaa. Sasa mtazameni mtoto aliyefundishwa kupima kufunikwa kwa nyota. Amejifunza kwamba saa inaweza kudanganya, kwa hiyo anaihakikisha kwanza. Amejifunza kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwa hiyo anatafuta cha pili na cha tatu, na kila kimoja anakiandika. Hakubali neno la mkubwa kama halina namba nyuma yake. Mtoto huyo akisimama siku moja mbele ya mizani, hatapunjwa kwa urahisi. Ataomba mizani irudishwe kwenye sifuri. Atauliza kipimo kingine. Njo maana tunasema elimu ya kivuli cha mbali ni elimu ya mkate wa karibu.

Maneno ya wanaopinga

Tunajua maneno ambayo yatatujia. Mama mmoja tuliyezungumza naye sokoni alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza: "Wababa, ile nyota mutaipika na nini?" Tulicheka naye, lakini neno lake lina uzito. Watoto wanasoma wakiwa wamekaa chini. Mgonjwa anabebwa kwenye pikipiki mpaka hospitali. Barabara tunaijua. Mtu anayetuambia kwamba darubini ipite mbele ya dawa, sisi wenyewe tutamkatalia.

Lakini hatujaombwa kuchagua kati ya dawa na darubini. Darubini ya kuanzia inapatikana kwa bei iliyo chini ya pikipiki mpya. Mara ngapi sherehe moja ya mapokezi ya mkubwa imekula zaidi ya hapo, na hakuna aliyeuliza itapikwa na nini?

Neno la pili ni zito kuliko la kwanza. Kwa wandugu zetu wa Kabambare, na hata sehemu za Kasongo, usiku hauko rafiki. Kuna vijiji ambako taa ikionekana mlimani, mama anakamata watoto na kukimbia porini, kwa kuwa amejua wenye silaha wanatembea saa gani. Hatutaki mwalimu apigwe risasi kwa sababu ya nyota. Pale ambapo amani haijafika, kazi hii ingoje. Pale ambapo amani iko, ifanywe kwa uwazi: shefu wa kijiji ajue, polisi ijue, wazazi wajue, siku itangazwe msikitini na kanisani, na watu watazame mahali pa wazi karibu na nyumba. Kule Argentina pia wataalamu hawakujificha. Mji wote ulijua, njo maana mji wote ulisaidia. Na tuseme hivi: siku watoto wa Kabambare watakaa nje usiku wakitazama juu bila kuogopa, tutajua kwamba amani imerudi kweli, siyo ya redio tu.

Tunachodai

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya ile kodi inayoitwa redevansi, ambayo wenye ruhusa ya kuchimba kwa mashine wanapashwa kulipa. Asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya sekta, shefferi au mji ambako mali inatoka, na 10 inaingia katika mfuko wa vizazi vijavyo. Sisi wa mikono taksi zetu tunazilipa kwa njia nyingine, na kila mmoja anazijua. Lakini yale maneno, "vizazi vijavyo", yanatuhusu wote. Kizazi kijacho siyo neno la hotuba. Ni yule mtoto aliyeuliza swali mwaka 2016 tukamtuma maji. Leo pengine yuko ndani ya shimo.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na hakuna hata moja lililo kubwa.

Kwa wakubwa wa sekta na shefferi: katika ile 15, pale inapofika, mutoe darubini moja kwa ajili ya shule za Kasongo na moja kwa ajili ya Kabambare, na muandike wazi kwenye ubao wa ofisi ni bei gani na nani anaitunza. Isifungiwe ofisini kwa mkubwa. Darubini iliyofungiwa ni torshi isiyo na betri.

Kwa maprefe na walimu wa fizike na hesabu: musingoje darubini ifike. Mwezi wenyewe unafunika nyota, na yule hana siri. Katika zile siku mwezi unapokua, jioni, tafuteni nyota iliyo karibu na upande wake wa giza, kwa jumeli kama muko nayo. Ngojeni. Nyota itazimika ghafla, kwa sababu mwezi hauna hewa. Watoto waandike saa, dakika na sekunde. Shule mbili zikifanya hivyo usiku mmoja, moja Kasongo na nyingine Samba, zilinganishe: saa hazitakuwa sawasawa. Waulizeni watoto kwa nini. Hapo somo limeanza.

Kwa koperative na maPDG: muko na vijana wanaojua kusoma GPS, kukesha, kufanya kazi kwa timu na kunyamaza wakati wa kunyamaza. Usiku mmoja kwa mwezi, waacheni wale wadogo waje kutazama. Na waacheni asubuhi waende shule, hilo tunalisema kila mara na tutalirudilia.

Kwa wazazi, maana yake sisi wenyewe: mtoto akiuliza jambo la mbinguni, tusimfukuze. Kama hatujui jibu, tumwambie: "Sijui, mwanangu, tutafute pamoja." Neno hilo halina bei, na halingoji redevansi.

Tangu zamani vivuli vya mawe ya mbali vimepita juu ya Lualaba na Luama, usiku, bila sauti, na vitaendelea kupita. Vinapita juu ya mashimo yetu, juu ya nyumba za manyasi na za mabati, na asubuhi hakuna anayejua. Kingine kitakuja mwaka huu au mwaka kesho. Ile usiku tunataka mtoto mmoja wa Kasongo awe nje, na daftari kwenye magoti na saa iliyohakikishwa. Nyota ikizimika, aandike. Isipozimika, aandike pia.